Jipsamu, PVC, mninga au rangi tu: dari ipi ipambe nyumba ya Tabora?

Anayejenga Tabora akifika hatua ya dari huonyeshwa picha kwenye simu: sebule ya Dar es Salaam yenye jipsamu ya ngazi tatu, taa za buluu zimefichwa ukingoni, ua kubwa la plasta katikati. Fundi anasema, "Mama, hii nakupigia wiki moja tu." Picha ni nzuri, na fundi huenda anaiweza kweli. Lakini picha haionyeshi bati lililo juu ya dari ile, wala kama mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba bati, zilikuwa zimekauka, wala chumba kina kimo gani. Msimamo wangu ni huu: tazama paa kwanza, matumizi ya chumba pili, ndipo pambo lifuate. Ukienda hivyo utajikuta na dari za aina mbili au tatu ndani ya nyumba moja, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu jiko la mkaa na sebule ya wageni hazina mahitaji yanayofanana.

Nitalinganisha zile ambazo mtu wa Tabora anaweza kuzipata na akapata fundi wa kuzipiga: bodi za jipsamu, vipande vya PVC, mbao za mninga au paini, na vitu vya kusuka kama mikeka na matete. Kisha ipo rangi juu ya dari uliyonayo tayari, ambayo wengi huidharau bila sababu.

Kabla ya dari, lililo juu yake

Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua huja kwa msimu mmoja, takriban Novemba mpaka Aprili, halafu inafuata miezi mirefu ya ukavu na vumbi linaloingia kila mahali. Septemba na Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, ndiyo miezi ya joto kali. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba mbao iliyopigwa juu ikiwa mbichi itasinyaa ifikapo Julai na kujipinda. Bodi ngumu iliyofungwa kwenye mbao inayocheza hupasuka kwenye maungio. Nyufa nyingi ambazo watu huilaumia jipsamu zilianzia kwenye fremu.

Bati nalo lina habari yake. Jua la mchana hulipasha likawa la moto kuliko hewa ya nje, na joto hilo bati hulirusha chini moja kwa moja. Dari ya aina yoyote hulikinga, hata ile bodi nyembamba ya zamani. Lakini hewa iliyonaswa kati ya bati na dari ikikosa pa kutokea, itaendelea kuipasha dari mpaka usiku, na wewe kitandani utageuka huku na huku. Kwa hiyo matundu ya hewa pande mbili za paa, yakiwa na wavu wa matundu madogo, yana thamani kuliko ngazi ya pili ya jipsamu. Wavu huohuo ndio unaowazuia popo. Popo wakishahamia, mkojo na kinyesi hupenya kwenye bodi, huchora madoa ya kahawia na kuleta harufu isiyoondolewa na rangi, hapo utabomoa.

Ziba misumari inayovuja, weka wavu, piga dawa ya mchwa kwenye kenchi. Fanya hayo wakati bado unaona bati kwa macho, maana baada ya dari kufungwa hutayaona tena.

Jipsamu na PVC

Hizi mbili ndizo zinazoshindana madukani, na tofauti zao ni nyingi kuliko muuzaji anavyozieleza.

Jipsamu ni madini ya kalisi yaliyoshindiliwa kati ya karatasi mbili nzito. Ndani ya madini hayo yamefungwa maji, kama asilimia 21 ya uzito wake, na ndiyo sababu bodi hii huchelewesha moto: joto huishia kuyageuza maji kuwa mvuke kabla ya kuipita bodi. Bodi moja ina mita 1.2 kwa 2.4, unene wa milimita 9 hadi 12.5. PVC ni plastiki yenye uwazi ndani, vipande virefu vya upana wa sentimita 20 au 25, ulimi wa kimoja ukiingia kwenye mfereji wa kingine.

Tuanze na uzito. Mita ya mraba ya jipsamu nene ni kilo 8 hadi 9. Ya PVC ni kilo 3 hivi. Nyumba mpya yenye kenchi imara haitahisi tofauti. Nyumba ya zamani ya tofali za udongo, ambayo boriti zake mchwa wameshazionja, itahisi: chumba cha mita 4 kwa 5 kitabebeshwa kilo 170 za jipsamu, mbali na fremu na skimu (plasta laini ya kusawazisha uso), wakati PVC ingeleta kilo 60 tu. Kwa nyumba ya aina hiyo nisingetafuta sababu nyingine.

Kwenye maji jipsamu inashindwa waziwazi. Hunyonya, hulainika, hushuka tumbo, na hata ikikauka inabaki na doa la manjano. Zipo bodi za rangi ya kijani zinazostahimili unyevu, lakini hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mvuke wa bafuni. Bati linalovuja litazimaliza kama zile nyeupe. PVC haijali maji kabisa, unaifuta kwa kitambaa na sabuni. Lakini hapo pana mtego. Paa linaweza kuvuja misimu miwili, mbao za fremu zikaoza kimya kimya, na dari ya PVC ikaendelea kung'aa. Aliyepiga PVC aache mlango wa kupandia juu na apande kila baada ya masika kuchungulia.

Kwenye moto mambo yanageuka. PVC hulainika joto likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na ikiungua hutoa moshi mkali wenye hidrojeni kloridi, unaochoma macho na mapafu. Juu ya jiko la kuni au mkaa, penye dari ya chini, siishauri hata kama muuzaji ataisifu kwamba masizi yanafutika. Kwa jiko la gesi, bafu, choo na baraza, siioni inayoipita. Hata hapo, taa ziwe za LED, kwa kuwa balbu za zamani za waya zina joto, na vipande viachiwe nafasi ya milimita 5 hivi kila mwisho, ndani ya ukanda wa pembeni, ili plastiki itanuke mchana bila kubinuka.

Kwenye umbo, jipsamu haina mpinzani. Inakatwa mviringo, inapindwa, inapangwa ngazi, na skimu ikishakauka na kupigwa msasa maungio yanapotea, unabaki na uso mmoja. Ila watu wa mjini tumeipenda sana hii nguvu yake mpaka tumeitumia vibaya. Kila ngazi inakula sentimita 10 hadi 15 za kimo. Chumba chenye mita 2.7 hakina cha kutoa sadaka mara tatu. Panapokuwa na kimo cha namna hiyo, shusha pembeni tu, ukanda wa sentimita 50 kuzunguka ukuta, katikati paachwe juu. Taa zifichwe kwenye ukanda huo zimulike kwenda juu, na chumba kitaonekana kirefu kuliko kilivyo. Ukishusha katikati, macho yanashuka nayo, na feni inashuka pia. Mapanga ya feni yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, tena feni ifungwe kwenye kenchi au boriti ya ziada. Bodi peke yake haiwezi kuibeba.

PVC huwezi kuficha mistari yake, kwa hiyo itumie. Mistari ikienda kwa urefu wa chumba inakirefusha, ikikatiza inakipanua. Weka vipande vyeupe vya kawaida katikati, kisha safu mbili za rangi ya mbao kuzunguka pembeni, na utapata dari yenye heshima kwa gharama ndogo. Zile zenye maua ya dhahabu yanayong'aa sizipendi. Zinachosha macho upesi, na kipande kimoja kikivunjika baada ya miaka mitatu hutapata ua lilelile dukani.

Fremu ni suala la peke yake. Kwa jipsamu, kama mfuko unaruhusu, chukua chaneli za chuma. Hazisinyai, hazipindi, na mchwa hana la kufanya nazo. Ukilazimika kutumia mbao za inchi 2 kwa 2, zikaushwe kwanza, zipigwe dawa, na zipangwe kila baada ya sentimita 40 kama bodi ni ya milimita 9. Skrubu zifuatane kwa sentimita 20 hivi. Maungio yapishane kama tofali ukutani, yawekwe mkanda wa wavu kabla ya skimu. Fundi anayeruka mkanda akakuambia "dada, skimu inashika yenyewe" atakuachia mistari ya nyufa kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu ya chumba kile cha mita 4 kwa 5: bodi saba zinatosha kwa karatasi, nunua nane kwa ajili ya vipande vinavyopotea, na zaidi kidogo ikiwa kuna ngazi. Kwa PVC ya sentimita 20 unahitaji vipande 25 vya mita 4, ongeza viwili. Bodi husafiri mbali mpaka kufika Tabora, kwa hiyo kagua kona zake moja moja kabla gari halijaondoka. Kona iliyovunjika haipambwi na skimu ikadumu.

Mninga, mali iliyo karibu nasi

Hapa ndipo ninapowahurumia watu wa Tabora wanaoiga picha za pwani. Mkoa umekaa katikati ya misitu ya miombo, na mninga, mbao ambayo watu wa mbali wanaiagiza kwa fanicha, unapasuliwa huku huku. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea dhahabu, wakati mwingine wekundu, na michirizi myeusi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuichora sawasawa. Sifa yake kubwa kwa dari haionekani kwa macho: mninga uliokauka hauchezi sana kati ya masika na kiangazi. Kiini chake pia kinawashinda mchwa na wadudu wengi. Sehemu nyeupe ya nje haiwashindi, kwa hiyo mwambie mpasuaji asikuchanganyie.

Kwa uzito, mbao za mninga za milimita 12 hufikia kilo 7 hadi 8 kwa mita ya mraba, yaani karibu sawa na jipsamu nene. Bei ni juu zaidi, na kazi yake inahitaji seremala, maana mbao zichongwe ulimi na mfereji, zipigwe misumari ya kichwa kidogo iliyojificha kwenye ulimi. Zikae chumbani wiki mbili hivi kabla ya kupigwa ili zizoee hewa ya humo, na pembeni ya ukuta iachwe nafasi ya sentimita moja, ambayo ukanda wa mwisho utaifunika. Wakati wa kupiga msasa fundi avae barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Sebule nzima ya mninga juu, kwa maoni yangu, ni nyingi mno. Inameza mwanga, hasa nyumba zenye madirisha madogo. Unapata uzuri wote kwa mbao chache zaidi ukifanya moja kati ya haya mawili. La kwanza, katikati jipsamu nyeupe tambarare, pembeni ukanda wa mninga wa sentimita 60 ukizunguka chumba. La pili, ambalo nalipenda zaidi, boriti za pambo: mbao tatu zinaunganishwa zikawa kama hori lililopinduliwa, ndani wazi, kisha zinapitishwa tatu au nne juu ya dari nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Nyaya za taa zinapita humo ndani. Mzigo ni mdogo, na chumba kinapata uso wa nyumba za kale za Unyamwezi. Nyumba hizo, matembe, zilijengwa hivyo, miti na fito vikabeba udongo wa paa tambarare, na ukiinua macho unaiona miti yenyewe. Tembe la Kwihara nje kidogo ya mji, walipokaa wavumbuzi Livingstone na Stanley mwaka 1872, liko bado kwa anayetaka kuona ukoo wa ujenzi huo.

Vanishi iwe isiyong'aa, mara mbili au tatu. Na jambo hili nalisema kwa uzito: nunua mninga wenye risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mti huu unakua polepole, umekatwa sana, na mbao ya wizi inaweza kukamatwa ikiwa tayari iko kwenye gari lako. Ambaye bei inamshinda achukue paini iliyotiwa dawa. Haina uzuri uleule, lakini ni nyepesi, inachongeka, na ikipakwa rangi ya maziwa iliyochanganywa maji kidogo michirizi yake inabaki ikionekana.

Mikeka, matete, vitenge

Hivi ni vya baraza, banda la mapumziko, au chumba kimoja chenye tabia yake. Mkeka wa ukindu uliofungwa chini ya fremu ya mbao nyembamba unaleta kivuli cha rangi ya asali ambacho plastiki haikileti. Matete yaliyopangwa na kufungwa kwa kamba yanafanya kazi hiyo kwa bei ya chini zaidi. Yaloweshwe au yapulizwe maji ya boraksi kwanza, yakauke, ili wadudu wa kutoboa wasiyafanye unga. Hata hivyo hayatadumu kama bodi. Yanashika vumbi la kiangazi na utayabadilisha baada ya miaka michache. Yasikaribie moto wala taa ya joto.

Kitenge kilichotandazwa juu ya kitanda, kikishikwa na vipande vya mbao kwenye pembe nne, ni pambo zuri la mpangaji, kwa sababu anahama nacho. Kiwe cha kufunguliwa na kufuliwa. Kwenye chumba kinachowashwa mshumaa au kibatari, usikiweke kabisa.

Vile vigae vyepesi vya povu jeupe vinavyogundishwa kwa gundi navitaja ili kuviondoa: vinashika moto haraka na kudondosha matone yanayowaka. Viache dukani.

Kama dari ipo tayari

Nyumba nyingi za zamani mjini zina silingi bodi, yaani bodi nyembamba za dari, zenye vipande vya mbao vilivyofunika maungio, vikigawa dari kuwa miraba. Wenye nyumba huiona ya kizamani na kutaka kuing'oa. Mimi naiona kama zawadi. Paka miraba rangi ya krimu isiyong'aa, vipande vya mbao vipake kahawia iliyoiva au kijani kibichi, na una dari ya miraba ambayo mwenye jipsamu angelipa pesa nyingi kuipata. Kazi ni ya siku chache, gharama ni makopo ya rangi na brashi nzuri. Mwenye subira anaweza kukata chapa kwenye karatasi ngumu, nyota au umbo la ukili, akaichapa katikati ya kila mraba.

Doa la maji lipakwe kwanza rangi ya mafuta au praima, likauke, ndipo ije rangi ya maji. Bila hivyo doa litachomoza tena hata ukipaka mara tano. Rangi ya dari isiwe ya kung'aa, kwa kuwa mng'ao huonyesha kila mbonyeo. Na rangi nzito, buluu ya usiku kwa mfano, inafaa chumba chenye kimo kikubwa na mwanga wa kutosha. Kwenye chumba kifupi inakufunika.

Tahadhari moja isipuuzwe. Nyumba za miongo iliyopita, zikiwemo za mashirika na taasisi, zinaweza kuwa na bodi za asbesto, za kijivu, ngumu na baridi kama saruji. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na magonjwa mengine ya kifua. Bodi ya namna hiyo usiitoboe kwa ajili ya taa, usiikwangue, usiivunje mwenyewe. Ikiwa nzima, kuipaka rangi kwa brashi bila msasa ndilo pambo pekee ninaloliona salama, na kuiondoa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa.

Ningepanga hivi

Nyumba mpya ya vyumba vitatu, paa zuri: sebule jipsamu tambarare yenye boriti za mninga, vyumba vya kulala jipsamu bila ngazi yoyote, bafu na baraza PVC nyeupe. Jiko la mkaa lililo ndani liachwe na bodi ya saruji isiyo na asbesto, rangi inayofutika, na tundu kubwa la moshi. Nyumba ya urithi yenye boriti za wasiwasi: PVC kila mahali isipokuwa jikoni, na pesa iliyobaki iende kwenye bati. Mpangaji: rangi kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na kitenge. Aliyebakiwa na fedha kidogo na mvua zimekaribia asipige dari sasa. Anunue misumari ya bati na wavu, asubiri Mei, apige wakati mbao zimekauka na ameshaona paa lilivyostahimili masika.

Taa za mkanda zifungwe na fundi umeme mwenye leseni, nyaya zipite kwenye paipu, na adapta yake iwekwe mahali mkono unafika, kwa sababu ndiyo inayoharibika kwanza. Mpe fundi wa dari malipo kwa mita ya mraba, na sehemu ya mwisho ishikwe mpaka usiku wa kukabidhiwa kazi: zima taa zote, washa tochi uiweke karibu kabisa na dari, imulike kwa ubavu. Kila wimbi, kila skrubu iliyochomoza na kila maungio yasiyopigwa msasa yataonekana papo hapo, na fundi atarudia akiwa bado ana sababu ya kurudia.